Nani Ana Ruhusa ya Kuchapisha

Kazi inaanza kwa swali fupi. Fundi anafungua terminali, dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, anaandika "npm whoami", anabonyeza Enter na kusubiri. Ghala la vifurushi lililoko ng'ambo linamjibu kwa neno moja, jina la akaunti yake. Analisoma. Ana akaunti mbili, moja yake binafsi na nyingine ya kazini, na amri atakazotoa asubuhi hii zitatekelezwa kwa jina la akaunti iliyoingia, awe yeyote aliyeketi mbele ya kibodi. Kwa hiyo hata kama aliingia jana jioni na hakuna aliyeigusa kompyuta tangu hapo, bado anauliza.

Tuko Mwanza, katika chumba cha ghorofani kando ya Barabara ya Nyerere, ambako makondakta wa daladala za Buzuruga na Igoma hawanyamazi tangu alfajiri. Kampuni ni ndogo. Inatengeneza programu za hesabu za stoo kwa maduka ya dawa na kwa wanunuzi wa samaki. Fundi amenikubalia niketi pembeni yake nitazame, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala kampuni, na sharti hilo peke yake lilinionyesha mapema ni mtu wa namna gani.

Programu za siku hizi haziandikwi zote upya. Mwandishi huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, cha kusoma tarehe, cha kupanga majedwali, cha kutuma ujumbe, vikiwa vimefungwa kama vifurushi na kuwekwa katika ghala la pamoja. Kwa wanaoandika JavaScript, ghala kuu ni npm, lililoanzishwa na Isaac Schlueter mwaka 2010 na kununuliwa na GitHub mwaka 2020. Lina vifurushi zaidi ya milioni mbili. Watanzania nao wamo: wataalamu wa HISP Tanzania jijini Dar es Salaam, wanaojenga juu ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa nchi nzima, huchapisha vifurushi vyao humo chini ya jina la @hisptz. Kifurushi cha wazi kikishachapishwa, yeyote anaweza kukipakua, na toleo jipya likitoka, kompyuta nyingi hulichukua zenyewe bila mtu kulisoma. Ndiyo maana ruhusa ina uzito. Aliyepewa ruhusa ya kuchapisha anaweza kuingiza msimbo wake katika mashine za watu asiowajua, nao wamelala.

Vifurushi vya kampuni hii havina makuu. Kimoja hupokea namba ya simu iliyoandikwa kwa kuanza na sifuri, huikagua, na kuigeuza ianze na +255. Kingine ni orodha ya mikoa, wilaya na kata. Unaweza kudhani orodha ya mikoa huandikwa mara moja ikaisha, lakini mwaka 2012 Geita ilifanywa mkoa pamoja na Simiyu, Katavi na Njombe, na mwaka 2016 Songwe ikatolewa Mbeya, hata leo mikoa imefika 31, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Duka lenye orodha ya zamani bado litaiweka Chato ndani ya Kagera, na ripoti ya dawa itakwenda mkoa usio wake. Kifurushi cha tatu ni cha siri. Kinaunganisha programu ya duka na stoo ya mteja mmoja, na hakuna mtu wa nje anayepaswa hata kujua kwamba kipo.

Baada ya kujua yeye ni nani, fundi anauliza shirika lina nini. Anaandika "npm access list packages" na jina la shirika lenye alama ya @ mbele. Mistari inashuka, mmoja kwa kila kifurushi: jina, nukta mbili, kisha neno "read-write", maana yake anaweza kusoma na kuchapisha, au "read-only", kusoma tu. Orodha ni fupi, jicho lingeweza kuipitia kwa sekunde chache. Yeye anachukua kalamu na kufungua kaunta buku lenye jalada gumu, lile lile wanalotumia wenye maduka kuandikia madeni, lililopigwa mistari ya safu tano: kifurushi, timu, ruhusa, tarehe, sababu. Anasoma mstari wa kwanza kwenye skrini, anatafuta mwenzake kwenye daftari, anaweka alama ya vyema. Mstari wa pili. Wa tatu. Simu inalia, anaiacha ilie hadi amalize mstari alio nao.

Kisha anarudi juu na kukipitia kila kifurushi peke yake kwa "npm access list collaborators", amri inayotaja majina ya watu wote wanaokifikia na kila mmoja ana nini. Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Ghala linasema hali ilivyo sasa. Daftari linasema hali inavyotakiwa kuwa. Haamini kumbukumbu yake katika lolote kati ya hayo mawili. Anapokuta jina lililo kwenye skrini na halimo kwenye daftari hashtuki wala hafuti. Anaandika alama ya kuuliza pembeni kwa penseli na kuendelea mpaka mwisho wa orodha, kwa sababu, kama alivyonieleza, ukianza kurekebisha katikati ya kuhesabu, hutajua tena ulikuwa unahesabu nini. Marekebisho yana muda wake.

Safu ya "sababu" ndiyo iliyonikalisha pale muda mrefu. Kila ruhusa ina maelezo ya maneno machache kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: "anatunza orodha ya kata", "anajifunza, asichapishe", "mpaka kazi ya mteja iishe". Ruhusa isiyo na sababu iliyoandikwa inaondolewa. Nimeona ofisi kubwa zenye mifumo ya gharama ambazo hazina safu hiyo.

Mwanza inaijua kazi ya namna hii tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe, wakasimama penye mizani na kupima tena gunia lililokwisha kupimwa. Vyama vilivyotokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa mbele, viliungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mpimaji yule hakuwa anamwita mnunuzi mwizi. Alikuwa anapima tena, basi. Fundi wangu anapouliza ghala jambo analodhani analijua, namwona amesimama pale pale.

Sasa zinakuja timu. Ndani ya shirika la npm watu wana ngazi tatu, ambazo kwenye amri huandikwa "owner", "admin" na "developer": mwenye shirika, msimamizi, na mwanachama wa kawaida. Chini ya ngazi kuna timu, na ruhusa za vifurushi hupewa timu. Fundi hugawa ruhusa kwa timu kila inapowezekana, hata timu ikiwa na mtu mmoja, kwa kuwa mtu huhama lakini kazi hubaki. Ana timu ya orodha ya mikoa na timu ya mteja yule wa siri.

Lakini kuna timu moja ambayo hakuiunda yeye. Kila shirika likifunguliwa, npm huliundia timu inayoitwa "developers", humwingiza humo kila mwanachama mpya, na kila kifurushi kipya kinachozaliwa ndani ya shirika huipa timu hiyo ruhusa ya kuchapisha. Ni mpangilio wa ukarimu, unaofaa watu watatu wanaoaminiana walioketi meza moja. Kampuni ikikua, maana yake ni kwamba kijana aliyeingia Jumatatu anaweza kuchapisha toleo jipya la kifurushi ambacho hajawahi kukiona. Hakuna onyo linalotokea. Kila kitu kinafanya kazi vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi hupitwa.

Fundi hupita kifurushi kimoja kimoja na kuishusha timu hiyo: "npm access grant read-only", jina la shirika, nukta mbili, "developers", kisha jina la kifurushi. Kwa kile cha siri hatoi hata ruhusa ya kusoma. Anaandika "npm access revoke" na kuifuta timu nzima mbele ya kifurushi hicho. Kwa vifurushi vya wazi, aliniambia, kusoma hakuzuiliki, kwani dunia nzima inasoma. Pale "read-only" ina maana moja tu, kwamba huyu hachapishi. Na kwa sababu kifurushi kipya huja tena na ule ukarimu wa mwanzo, kazi hii hairithiwi. Kila kifurushi kinapozaliwa, anaifanya upya.

Amri hizi haziandiki moja kwa moja kwenye terminali. Kwanza anaziandika katika faili la kawaida la maandishi, moja kwa kila mstari, kwa mpangilio wa utekelezaji. Anaziacha, anakunywa chai, anazirudia. Anakagua tahajia ya kila jina, maana majina ya akaunti kwenye npm ni ya dunia nzima, na herufi moja ikikosewa huenda ikawa ni mtu mwingine kabisa, aliye hai, mahali fulani. Pia husoma maelezo ya amri kwa "npm help access" hata kama amezitumia miaka mingi. Chombo hiki hubadilika: toleo la tisa, lililotoka mwaka 2022, lilibadilisha namna ya kuandika amri nyingi za ruhusa, na maelekezo mengi ya zamani bado yanazunguka. Kwenye kurasa za mwanzo za daftari lake nimeona mistari ya namna ile ya kale, imekatwa kwa rula.

Siku hiyo kulikuwa na mtu wa kuingizwa, kijana aliyemaliza chuo, mtulivu, aliyeketi nyuma yetu na kompyuta yake mapajani. Fundi alimwita asogee. "Soma kwanza, mdogo wangu," akamwambia, akimwonyesha faili. Kijana akasoma kwa sauti. Mstari wa kwanza ulikuwa "npm org set", jina la shirika, jina lake, na neno "developer". Ghala lilijibu kwamba ameongezwa na likataja shirika sasa lina wanachama wangapi. Fundi akalinganisha namba hiyo na daftari. Mstari wa pili, "npm team add", ulimwingiza kwenye timu ya orodha ya mikoa, na ghala likathibitisha kwa jina lake na jina la timu. Mstari wa tatu uliipa timu hiyo ruhusa ya kusoma na kuchapisha kifurushi kipya cha kata za Kanda ya Ziwa: "npm access grant read-write".

Safari hii hakuna jibu lililokuja. Amri ya kugawa ruhusa ikifanikiwa haisemi kitu. Alama ya terminali inarudi kusubiri amri nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Kijana akamtazama fundi, ambaye yeye humwita dada. Dada hakusema neno. Akaandika "npm access list packages" na jina la timu, akabonyeza, na mstari ukatokea: kifurushi, nukta mbili, "read-write". Ndipo akaweka alama ya vyema kwenye daftari, akaandika tarehe, na kwenye safu ya sababu: "kukamilisha kata, asimamiwe". Kwake kazi huwa imeisha pale ghala linapoulizwa upya na kujibu sawasawa. Amri yenyewe ni nusu tu.

Uangalifu huu umezaliwa na mambo yaliyowahi kuwapata watu wema. Dominic Tarr alikuwa amekiandika kifurushi kiitwacho event-stream na kukitunza bure kwa miaka, kikipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki, ilhali mwenyewe hakitumii tena. Mtu asiyemfahamu akamwandikia akijitolea kusaidia, naye akampa ruhusa ya kuchapisha. Mwaka 2018 mgeni huyo aliongeza ndani yake kifurushi kingine, flatmap-stream, kilichobeba msimbo wa kuiba Bitcoin za watumiaji wa pochi ya Copay, na hilo halikugunduliwa mpaka Novemba. Hakuna nywila iliyoibwa. Ruhusa ilitolewa kwa hiari, kwa mkono wenye nia njema. Fundi anakisimulia kisa hiki bila kumlaumu Tarr hata kidogo. Anachosema ni kwamba mtu aliyechoka asiachwe peke yake na kifurushi kinachotegemewa na maelfu, na kumwacha hivyo ni kosa letu sisi tuliokuwa tunapakua.

Kisa cha pili ni cha juzi. Tarehe 8 Septemba 2025, mtunzaji wa vifurushi vinavyotumika karibu kila mahali, chalk na debug vikiwemo, alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka npm ikimtaka asasishe uthibitisho wake wa hatua mbili. Akaingiza taarifa zake katika tovuti ya uongo. Baada ya muda mfupi vifurushi visivyopungua 18, vyenye jumla ya upakuaji zaidi ya bilioni mbili kwa wiki, vilikuwa na matoleo yenye sumu. Yaligunduliwa upesi na kuondolewa, lakini kila anayetunza kifurushi alilala vibaya usiku ule.

Ndiyo maana kwa kila kifurushi fundi hupitisha amri ya "npm access set mfa=publish", inayomaanisha kwamba hakuna toleo litakalochapishwa bila mtu kuthibitisha hapo hapo kwamba ni yeye. Yeye hathibitishi kwa tarakimu sita za kwenye simu, kwa kuwa tarakimu zinaweza kuchotwa na tovuti ya uongo. Ana kifaa kidogo cha USB, kipana kama ukucha wa dole gumba, anachokibeba pamoja na funguo za nyumba. Anapochapisha au kubadilisha ruhusa, terminali humpa anwani, anaifungua kwenye kivinjari, anaisoma anwani hiyo herufi kwa herufi, kisha anakigusa kifaa. Kifaa hicho hakijibu tovuti isiyo ile iliyosajiliwa, hata kama macho ya mtu yamedanganyika. Anacho kingine cha akiba, na namba za dharura za kurudishia akaunti amezichapa kwenye karatasi, akazifunga ndani ya bahasha, na kuzikabidhi kwa mwenzake anayeishi Bukoba, upande wa pili wa ziwa. Mwenzake huyo ndiye mwenye shirika wa pili. Wamekubaliana kwamba wasisafiri meli moja wakiwa na vifaa vyote viwili.

Kuhusu tokeni alisema machache. Tokeni ni mfuatano mrefu wa herufi unaokaa katika faili lililofichwa, ".npmrc", na mashine yoyote iliyo nao hutambuliwa kuwa ni wewe. Hutumia "npm token list" kuziona zilizopo na "npm token revoke" kuziua, na huziua kwa wingi. Baada ya mashambulizi ya 2025 npm yenyewe iliamua tokeni za kuchapisha zisidumu zaidi ya siku 90. Wengi walilalamika. Yeye alikuwa tayari anazibadilisha kila mwezi. Kabla ya kuchapisha huendesha "npm pack --dry-run", inayoonyesha mafaili yatakayoingia kwenye kifurushi bila kukituma, na husoma orodha yote akitafuta faili moja hasa, ".env", ambamo waandishi wa programu huweka nywila za kanzidata. Faili la ".npmrc" npm huliacha nje yenyewe. La ".env" hailiachi mpaka uiambie.

Nilimuuliza kwa nini hafanyi haya yote kwenye tovuti, penye vitufe na rangi. Alinijibu mambo mawili. La kwanza ni la mtandao. Ukurasa wa tovuti huja na picha, fonti na msimbo wake mwenyewe, lakini amri ya maandishi ni baiti chache kwenda na chache kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na mtu wa Mwanza, ambaye intaneti yake husafiri nchi kavu toka pwani kabla ya kumfikia, alijua siku hiyo kurasa nzito ni mzigo kiasi gani. La pili, ambalo nadhani kwake ndilo kubwa, ni kwamba kitufe hakiachi maandishi. Amri inabaki. Faili la leo lenye mistari tisa litahifadhiwa, na mwaka kesho mtu anaweza kulifungua na kusoma nani alipewa nini, kwa mpangilio gani. Mtu akikosea kwenye terminali, kosa lake linasomeka.

Kulikuwa pia na mtu wa kuondolewa, mwenzao aliyepata kazi mji mwingine na kuagwa vizuri, kwa wali na sato. Kuondoa, alieleza fundi, kunataka staha zaidi ya kuingiza. Alikuwa amempigia simu kwanza, akamweleza siku na saa ambayo ruhusa zake zitafungwa, na akamuuliza kama kuna kazi iliyobaki mkononi. Hafungi mtu akiwa kazini bila taarifa, isipokuwa akaunti imeibwa. Saa hiyo ilipofika, akamwachia kijana kibodi, yeye akasogeza kiti nyuma.

Kijana aliandika amri katika faili kwanza. Alimtoa mwenzao kwenye timu mbili kwa "npm team rm", moja baada ya nyingine, akauliza orodha ya kila timu baada ya kila amri. Kisha "npm org rm", inayomtoa mtu kwenye shirika zima. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho na kumaliza kazi kwa mstari mmoja. Kijana alieleza, bila kuulizwa, kwamba akimtoa timu kwa timu anaona kwa macho yake kila mahali mtu huyo alipokuwa anafika, na daftari linapata kila kipengele chake.

Wanachama wakapungua mmoja. Daftari na ghala vikalingana. Nilidhani tumemaliza, lakini kijana alikuwa bado anatazama ukurasa wa kwanza wa daftari, kidole kikiwa kwenye kifurushi cha namba za simu.

"Dada, hiki hakina jina la shirika mbele."

Ni kweli. Kilichapishwa kabla kampuni haijafungua shirika, kwa jina tupu lisilo na @. Kifurushi hicho hakimilikiwi na shirika. Kinamilikiwa na watu mmoja mmoja, na kumtoa mtu kwenye shirika hakumgusi huko.

"Uliza basi," akasema dada.

Akaandika "npm owner ls" na jina la kifurushi. Yalikuja majina mawili: la dada, na la yule aliyeondoka. Kijana akaandaa "npm owner rm" kwenye faili, akaisoma kwa sauti, akainakili. Ghala likadai uthibitisho, dada akaisoma anwani na kugusa kifaa chake. Orodha ilipoulizwa tena, lilibaki jina moja, naye akasema jina moja halitoshi, kwa kuwa yeye pia hupanda bodaboda na hupatwa na malaria. Wakamwalika yule wa Bukoba kwa "npm owner add", naye alipokubali wakauliza mara nyingine, majina yakawa mawili. Kwenye kaunta buku kijana akapiga mstari mpya, akajaza safu nne za kwanza, na kwenye ya tano akasita kidogo akitafuta maneno, kisha akaandika: "kifurushi hiki kisimtegemee mtu mmoja".